Sola na jenereta kwenye gridi ya kijiji: anza na jenereta, paneli zisubiri

Nikiwa Mbeya mjini sikosi kukutana na mtu mwenye picha za paneli kwenye simu, ananiambia fundi nimeshapata bei ya paneli 60, twende ukanifungie zisaidiane na jenereta kule kijijini mafuta yamenimaliza. Mimi namuuliza swali moja tu, jenereta yako saa nane usiku inabeba kilowati ngapi? Kimya. Basi kama hilo hulijui usinunue paneli hata moja, maana kwenye hizi gridi ndogo zinazojitegemea anayeamua sola iwe kubwa kiasi gani ni jenereta, jua linakuja baadae kabisa.

Naandika kwa ajili ya wale wenye laini yao wenyewe ya kijiji, au misheni, au kiwanda kidogo cha chai, sehemu ambayo hakuna nguzo ya TANESCO inayokuja karibuni. Na kabla hatujaanza, kama una mto unaoanguka vizuri hapo jirani nenda kaangalie maji kwanza bhana, nyanda za juu kusini tumebarikiwa maji, Mwenga kule Mufindi wanatoa megawati 4 kwa mto. Kama huna mto, endelea kusoma.

Hatua ya kwanza: pima mzigo, saa 24, wiki nzima

Usikadirie kwa kuhesabu nyumba. Chukua klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampia, kaa kwenye bodi ya jenereta, pima fezi zote tatu kila nusu saa na uandike kwenye daftari. Ukiweza kupata mita inayorekodi yenyewe ni bora zaidi, ila daftari na kijana mmoja wa zamu ya usiku inatosha. Wiki iwe na siku ya mnada na iwe na jumapili, na mashine ya kusaga iwe inafanya kazi, usipime wiki ambayo mwenye mashine kaenda msibani halafu ukasema mzigo mdogo.

Hapa nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tuelewane, kijiji cha milimani mfano wa vile vya Makete, jenereta ya kVA 30 fezi tatu. Saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri mzigo ni kilowati 3, friji za maduka na taa za nje. Alfajiri mpaka saa mbili asubuhi kilowati 5. Mchana kilowati 6, na mashine ya kusaga ikiwaka inaongeza kama 7 kwa masaa manne hivi. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku ndo sokoni kwenyewe, tivi, baa, saluni, vibanda vya kuonyeshea mpira, kilowati 14. Jumlisha zote unapata kama yuniti 190 kwa siku.

Hatua ya pili: ijue jenereta yako vizuri

kVA 30 sio kilowati 30. Zidisha kwa 0.8 unapata 24. Halafu kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar hatakwambia kwa sababu Dar halipo: mwinuko. Hewa ya huku juu ni nyepesi, injini isiyo na tabo (ile feni inayosukumia injini hewa) inapoteza nguvu kama 3% mpaka 4% kwa kila mita 300 unazopanda. Kijiji kikiwa mita 2,000 hiyo 24 inakuwa kama 19. Yenye tabo inavumilia zaidi, angalia kitabu chake kina jedwali.

Hiyo ni juu. Sasa chini, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Siku moja nimefika sehemu, jenereta mpya kabisa haina hata mwaka, mzee wa zamu akaniita nyuma ya banda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone huku, hii kitu inalia."

Kweli inalia. Kwenye kiungo cha ekzosi panachuruzika kitu cheusi kizito kama oili iliyochanganywa na masizi, ukutani kuna mstari mrefu umeshuka mpaka chini, ukigusa kinanata. Nikafunga klampu: ampia 4 fezi moja, 5 nyingine, ya tatu 3. Injini ya kilowati 24 inabeba chini ya 3, usiku kucha, miezi kumi. Injini ya dizeli ikibeba mzigo mdogo haipati joto linalotakiwa, dizeli haiungui yote, ringi za pistoni hazikai vizuri kwenye silinda, oili inapanda, masizi yanajaa kwenye nozeli na kwenye ekzosi. Hiyo sio kasoro ya kiwandani, ni sisi tuliitesa. Kanuni ya wenye injini ni kwamba isikae muda mrefu chini ya 30% ya uwezo wake, na ikipata 60 mpaka 80 ndo inafurahi.

Na mafuta je? Jenereta ya ukubwa huu ikibeba vizuri inakunywa kama lita 0.3 kwa kila yuniti. Ikibeba kilowati 3 inakunywa kama lita 2 kwa saa hata kama hakuna mtu anayefanya kitu cha maana, yaani lita 0.7 kwa yuniti. Usiku huo wa masaa sita unakula kama lita 12 au 13 kwa ajili ya friji za soda. Kwa mfano wetu siku nzima inakwenda kama lita 77. Bei ya dizeli EWURA, wasimamizi wa nishati, wanatangaza bei kikomo kila jumatano ya kwanza ya mwezi, piga hesabu mwenyewe na uongeze nauli ya kupandisha madumu mlimani kipindi cha mvua barabara ikiwa utelezi.

Hatua ya tatu: amua, na betri au bila betri

Wengi wanataka bila betri kwa sababu ni rahisi, unafunga paneli na inveta inayofuata gridi, yaani haitoi umeme mpaka ikute umeme wa jenereta kwenye laini, jenereta inaendelea kuwaka, sola inapunguza mafuta. Inafanya kazi, ila angalia mfano wetu. Mchana mzigo ni kilowati 6. Jenereta haitakiwi kushuka chini ya 30%, ambayo ni kilowati 6 au 7. Sola inapata nafasi ya kubeba ngapi? Sifuri! Paneli zako 60 zinaota jua tu, mpaka mashine ya kusaga iwake ndo sola inapata kilowati 6 za kubeba kwa hayo masaa manne. Na hapo unahitaji kontrola ya kuibana sola isizidi, maana ikizidi umeme unarudi kwenye jenereta, jenereta inageuka mota, na kama haina kinga ya umeme kurudi nyuma unaanza kutafuta hela ya kufungua injini.

Bila betri inalipa sehemu ambayo mzigo wa mchana ni mkubwa na umetulia, kiwanda, pampu, machimbo kama kule Chunya, na jua la Chunya lenyewe ni zuri kuliko la Makete. Hapo ukiweka sola isiyozidi theluthi moja ya mzigo wa mchana mara nyingi unalala usingizi. Njia nyingine ya kati ni kununua jenereta ndogo ya pili, kVA 10, ibebe usiku wa manane na mchana mashine ya kusaga ikiwa imezimwa, halafu kubwa iwake jioni na wakati wa kusaga tu. Watu wanaidharau hii ila kwa mwenye mtaji mdogo ni hatua nzuri sana ya kuanzia kabla hata ya sola, usiku ule inakunywa karibu nusu ya mafuta.

Kwa kijiji cha kawaida cha huku jibu ni betri. Lengo sio jenereta ipunguze mzigo, lengo ni jenereta izimwe kabisa, na ikiwaka ibebe kweli kweli.

Hatua ya nne: piga hesabu ya ukubwa

Kwa makadirio ya kazi mimi huwa nachukua yuniti 4 kwa siku kwa kila kilowati 1 ya paneli, kuna siku utapata 5 na kuna siku za ukungu wa mwezi wa sita na saba huku Njombe na Makete utapata 2, mpaka saa nne asubuhi huoni hata mlingoti wa shule. Kilowati 30 za paneli zinatoa kama yuniti 120. Mchana wetu na mashine ya kusaga unakula 88, zinabaki 32 za kuingia kwenye betri. Usiku wa manane na alfajiri tunahitaji 33. Unaona inavyokaa?

Jioni, zile kilowati 14, mwachie jenereta. Najua wauzaji wanapenda kukuuzia betri ya kubeba na jioni pia, ila betri ni hela nyingi na jenereta unayo tayari, na hiyo 14 ndo mzigo ambao jenereta yako ya 19 inaupenda. Ikiwaka saa kumi na mbili jioni ikazimwa saa tano, imebeba yuniti 70, imekunywa lita 22 hivi, na ukiiongezea kilowati 3 za kuchaji betri siku jua likigoma haizidiwi. Kutoka lita 77 mpaka 22 siku ya jua, tuseme 35 mpaka 45 siku mbaya.

Betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti, unatumia 80% yake, kwa hiyo yuniti 40 za kutumia unanunua 50, yaani vipande kumi vya volti 51 ampia-saa 100. Betri za asidi usitumie zaidi ya nusu, hivyo kwa 40 hizo hizo unanunua 80, na ujue baridi inazipunguza nguvu. Lithiamu nayo haichajiwi ikiwa chini ya digrii 0, ubongo wake unakata wenyewe, kwa hiyo chumba cha betri kiwe cha tofali na mlango unaofunga, sio kibanda cha mabati matupu juu ya kilima.

Hatua ya tano: paneli, na kosa langu la mwezi wa saba

Sisi tuko kusini ya ikweta, Mbeya ni digrii 9 hivi, paneli zinaangalia kaskazini. Nimeshakuta paa zima limeelekezwa kusini kwa sababu fundi maiko kajifunza kwenye video ya Ulaya. Mlalo uwe digrii 10 mpaka 15 ili mvua ioshe vumbi.

Kuhusu volti. Paneli ikipata baridi volti zinapanda, kama 0.3% kwa kila digrii moja chini ya 25. Paneli ya wati 550 imeandikwa 49.5, inveta inasema mwisho 500, mimi nikapiga 49.5 mara 10 nikapata 495, nikajiona mjanja. Nikafunga kumi kumi. Ilikuwa mwezi wa tatu, ikafanya kazi safi. Mwezi wa saba asubuhi moja nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu, digrii 2, jua likachomoza ghafla kwenye anga safi, hiyo 495 ikawa karibu 530 na inveta ikakata roho kabla watu hawajanywa chai. Garanti hailipi hiyo, wanasoma rekodi ya volti wanakurudishia na barua. Funga tisa tisa: 445, kwenye baridi inafika 476. Paneli 54 zinakupa mistari 6 ya tisa tisa, kilowati 29.7, inveta tatu za mseto (zinazoshika paneli, betri na jenereta kwa pamoja) za kilowati 8 kila moja inachukua mistari miwili, na zote tatu zinaungana kutengeneza fezi tatu.

Hatua ya sita: kuunganisha

Jenereta inaingia kwenye inveta kwa tundu lake la jenereta, na inveta ndo inatoka kwenda kijijini. Inveta inaangalia volti na hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde, kwetu ni 50) za jenereta, inajilinganisha nayo, ndo inafunga. Usije ukaweka chenjiova (swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme) ya mkono inayoweza kukutanisha jenereta na inveta kwenye waya mmoja bila kulinganishwa, zikigongana ama inveta inaungua ama kapulingi ya jenereta inakatika, nimeona vyote viwili. Kama unataka chenjiova ya dharura ya kupita pembeni ya inveta iwe ile yenye kufuli, upande mmoja ukiwaka mwingine haiwezekani.

Kama ulishakuwa na inveta za zamani zinazofuata gridi na unataka kuzibakiza, zinaweza kukaa upande wa kijiji, inveta ya betri ikijaa inapandisha hezi kidogo juu ya 50 na zenyewe zinajipunguza. Ila hakikisha zimesetiwa kwa gridi ndogo, sio kwa gridi ya taifa, la sivyo zinazima zote kwa mpigo kijiji kinalia. Na jumla yake isizidi ukubwa wa inveta ya betri.

Radi: huku kwetu radi haina utani. Ethi ya fremu za paneli, ya inveta, ya jenereta zote ziunganishwe pamoja, chini ya omu 10, na kinga za radi upande wa DC, yaani wa paneli, na upande wa laini ya kijiji. Laini ndo inayoleta radi nyingi kuliko paneli.

Na mafundi wawe na leseni ya EWURA. Mradi wenyewe chini ya megawati 1 hausumbuliwi na leseni kubwa, ila waulize EWURA kuhusu kujisajili, fanya mapema.

Hatua ya saba: seti vizuri, usiache za kiwandani

Zaidi ya yale masaa yake ya jioni, jenereta ijiwashe betri ikifika 30%. Iwake angalau saa moja na nusu, kuwasha na kuzima kila dakika ishirini kunaiua. Izimwe betri ikifika 70 au 80, sio 100. Sababu mbili: betri ikikaribia kujaa inapokea kidogo kidogo, jenereta inarudi kule kule kwenye mzigo mdogo na machozi meusi. Ya pili, ukijaza kwa dizeli usiku, asubuhi jua linakuja halina pa kuingia.

Halafu kikomo cha kuchaji. Kiwandani inakuja imeachiwa yote, jioni kijiji kinavuta 14 na inveta nazo zinataka kuchaji kwa 10, jenereta ya 19 inakohoa, hezi zinashuka, inveta zinaikataa zinaachia, jenereta inapumua, zinaingia tena, dakika tano kila kitu kimezima na simu yako inaita. Weka kilowati 3 jumla, gawa kwa fezi zote sawa. Na ruhusu inveta zivumilie hezi 47 mpaka 53 kutoka kwa jenereta, governa (kidhibiti kasi cha injini) za kawaida haziwezi kukaa 50 kamili.

Hatua ya nane: mwenye mashine ya kusaga

Huyu ni rafiki yako na adui yako. Mota ya farasi 10 ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara sita ya ampia zake, kutoka 15 mpaka 90 kwa sekunde chache, inveta zako haziwezi. Sta-delta, ile stata inayoanzisha mota kwa hatua mbili, inaishusha mpaka kama theluthi, lakini draivu ya kubadilisha hezi ndo kiboko, mota inaanza taratibu kama inaamka. Mnunulie wewe mwenyewe kwenye bajeti ya mradi, usimwambie anunue, hatanunua.

Na mkubaliane masaa. Mimi nilikaa na mama mmoja mwenye mashine nikamwambia, mama, ukisaga saa tatu mpaka saa tisa nakuuzia yuniti kwa bei pungufu, ukisaga jioni ni bei ya dizeli. Akaniangalia, akasema, "Wateja wangu wanatoka shamba saa kumi, mwanangu, jua lako haliwezi kusubiri?" Tukamaliza hivi: watu wanaacha debe la mahindi asubuhi na jina limeandikwa kwenye mfuko, wanachukua unga wakirudi.

Hatua ya tisa: jaribu kabla ya kukabidhi

Mchana jua kali, mashine ya kusaga inawaka, zima breka ya paneli zote ghafla. Hilo ni wingu. Taa zisipepese zaidi ya kidogo na kijiji kisizime. Halafu shusha betri mpaka 30 uone jenereta inawaka yenyewe na inabeba. Fanya tena usiku. Fanya na asubuhi ya baridi, maana dizeli ya asubuhi Makete inaamka kwa shida.

Baada ya hapo

Kinachokuja kuwasumbua wengi miezi sita baadae ni betri ya stata. Zamani jenereta ilikuwa inawaka siku zote inajichajia, sasa kwa mwenye mzigo mdogo ambao betri inaubeba na jioni pia, kipindi cha jua zuri inaweza kukaa siku kadhaa, siku inayotakiwa inasema tik, basi. Weka chaja ndogo ya kudumu kutoka kwenye inveta. Kama haiwaki kila jioni, iwashe kila wiki nusu saa na mzigo, sio bure. Toa maji chini ya tenki la mafuta, dizeli ikikaa kwenye baridi inakusanya maji.

Oili kwa injini nyingi ni kila masaa 250. Ulipokuwa unawasha saa 24 hiyo ilikuwa kila siku kumi, sasa kwa masaa matano ni karibu siku hamsini, na lile daftari la zamu usiliache, safu tatu tu: masaa ya jenereta, lita, yuniti ilizotoa jenereta. Gawanya lita kwa yuniti kila jumamosi. Ukiona imepita 0.4, kabla hujapanda kufuta paneli nenda kwanza nyuma ya banda ukaangalie ekzosi.